Wiki Sita Nilizozificha

Rukia mwanangu,

Sasa ni saa kumi na moja jioni na wewe bado uko Randburg unaagana na wenzako. Mama yako yuko jikoni anachambua mchele. Mambo ya safari sitayagusa. Baridi ya huko, dawa, pasipoti ukaiweke wapi, hayo yote mama yako ameshakuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na mwandiko wake umeuzoea kuliko wangu.

Najua Kiswahili kirefu kinakuchosha. Humu ndani mimi nauliza kwa Kiswahili, wewe unajibu kwa Kiingereza, na tumeishi hivyo vizuri tu. Lakini hii barua isome mwenyewe, polepole. Neno likikushinda usimpe mtu akutafsirie. Nipigie simu mimi. Ukifika mbele utaona kwa nini nasema hivyo.

Mwezi uliopita ulirudi kwenye shoo sauti imekukauka. Nilikuuliza una nini, ukaniambia kwa kunong'ona, "Niko sharp, Baba. Si kitu." Ukatia pipi ya koo mdomoni, na kesho yake ukaenda kuimba tena. Ulipoingia kuoga mimi nilibaki kwenye kiti, nimeshika kikombe cha chai, mpaka chai ikapoa. Mama yako aliwahi kuniambia maneno hayo hayo, "si kitu", na sauti yake ilikuwa imekauka hivyo hivyo.

Tangu udogo wako tumekuambia kwamba mama yako alipata homa ya koo ulipokuwa na miaka mitano, ikamwachia huu mnong'ono alio nao. Ukakua ukijua hivyo. Ulijua akikuita anagonga kikombe kwa kijiko. Ulijua simu za wateja unapokea wewe, maana wakimsikia yeye wanadhani laini mbovu, wanakata. Mkipanda teksi, hizi za huku za abiria wengi kama daladala, kwenda mjini ulikuwa ukisimama kwenye mapaja yake, mtoto wa miaka sita, unampigia dereva kelele, "After robot!" ili mshushwe baada ya taa za barabarani, na abiria wanacheka, na yeye anacheka bila sauti. Nilikuwa pamoja nanyi mara nyingi. Sikuwahi kucheka.

Homa haikuwepo, Rukia.

Nianzie mbali kidogo. Nilifika mji huu na fidla ya babu yako nimeifunga kwenye blanketi. Yeye aliipiga kwenye klabu ya taarab kule Tanga mpaka vidole vikamkatalia, akanipa mimi. Huku nikapata kazi ya ulinzi, getini kwenye jengo la ofisi Randburg. Mama yako aliponifuata akaanza kuuza vitambaa mjini, kwenye ngazi za jengo moja la zamani ambalo juu lilikuwa kanisa. Tulipanga chumba kimoja hapa La Rochelle, uani kwa mama mmoja wa Kireno. Saa ya chakula, watu wa ofisi wakienda kula, mimi nilikuwa naingia kwenye kibanda cha getini napiga fidla taratibu.

Siku moja mzee mmoja wa Kikaburu, fundi magari mstaafu, akasimama dirishani. Ndiye Oom Dawie, mjomba Dawie kwa lugha yao. Wewe unamkumbuka kwa zile ndevu, na kwa jinsi alivyokufundisha banjo ukiwa na vidole vidogo hivi.

"Unapiga nini hapo?" akaniuliza.

"Taarab."

"Siijui. Lakini huo mkono wa upinde naujua."

Kesho yake akaja na banjo. Akanieleza blugrasi ni nini, na akanieleza kama fundi gari anavyoeleza injini. Muziki wa watu wa milimani Marekani, akasema. Nyuzi tupu, hakuna ngoma. Banjo inakimbia, fidla inalia, besi inashikilia wote wasianguke. Na waimbaji watatu wanazunguka maikrofoni moja, wa chini, wa kati, na wa juu kabisa. Yule wa juu ndiye anayefanya mtu aache kula. Nilimwona kama kichaa, mzee wa Kikaburu anashindana na mpishi. Baada ya wiki mbili nikawa nimeshanasa.

Jumamosi tulikuwa tunapiga kwenye mkahawa. Dawie banjo, Themba wa Soweto besi, mimi fidla. Dawie aliimba chini, mimi kati. Wa juu hatukuwa naye. Siku moja mama yako alikuja kunifuata na wewe mgongoni, akakaa meza ya nyuma, karibu na choo, kwa aibu. Tulipofika kiitikio nikasikia sauti ya tatu. Ilitoka kule nyuma, nyembamba, imenyooka, haitikisiki hata kidogo. Maneno hakuyajua, aliimba "aa" tu. Utotoni, kwenye maulidi, walimu wa madrasa walikuwa wanamweka mbele kwa sababu ya sauti hiyo, na mimi nilikuwa mumewe miaka minne sijawahi kuwaza kwamba inaweza kukaa juu ya banjo.

Dawie aliacha kupiga katikati ya wimbo. Watu wote mkahawani wakageuka.

"Mama," akamwambia, kwa heshima kabisa, "rudia hapo."

Hivyo ndivyo tulivyopata bendi. Usiamini wanaokuambia nilikuwa mpiga fidla mkubwa. Nilikuwa wa kawaida, mwenye bidii. Waliotuita kwenye maharusi, kwenye magulio ya mashambani, kwenye matamasha ya barabara ya Pretoria, walikuwa wanamwita mama yako. Wazungu wazee walilia wakimsikia. Msikitini wapo walioninunia, na nyimbo za dini ya wenyewe hatukuziimba, tuliimba za njia, za treni, za watu waliokwenda wasirudi. Baadhi alizigeuza Kiswahili mwenyewe, akiwa anapanga vitambaa. Nami nilikuwa nikisimama kwenye maikrofoni, bega langu limegusa lake, najiona mtu mkubwa. Ile raha naikumbuka, na sasa inanitia hofu.

Ulipokuwa na miaka mitano akaja mtu kutoka Marekani, mwandalizi wa matamasha. Alitusikia mara moja. Akamwambia Dawie anataka kutupeleka huko wiki tatu, lakini wenzake hawawezi kukubali bila kusikia rekodi nzuri, na yeye anaondoka Jumatatu ya wiki inayofuata. Dawie akapata studio, gereji ya rafiki yake iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Jumamosi na Jumapili. Nyimbo kumi na moja.

Jumanne ya wiki hiyo mama yako aliamka sauti imekwaruza. Alikuwa ameimba siku nne mfululizo. "Si kitu," akasema. Alhamisi haikutoka kabisa, na akimeza anashika shingo. Nikampeleka kliniki.

Daktari alikuwa dada mdogo, mpole. Alimpitishia mama yako kamera nyembamba puani, akatuonyesha kwenye kioo. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mama yako alikuwa na miaka mitatu tu nchini na Kiingereza chake kilikuwa cha barazani, cha vitambaa.

"Mwambie mkeo," daktari akasema, "kuna kimshipa kimepasuka kwenye nyuzi za sauti, damu imeingia. Wiki sita asitoe sauti. Hata kunong'ona asinong'one. Akiimba kabla ya hapo, sauti hiyo inaweza isirudi tena maisha yake yote."

Mama yako ananitazama mimi. Alikuwa bado na machozi ya ile kamera.

Nikamwambia, "Anasema umechoka. Upumzike siku chache, unywe maji ya moto, usipige kelele na wateja."

Akanyoosha vidole, akavitikisa. Siku ngapi?

"Mpaka Jumamosi," nikamwambia.

Daktari akatutazama mmoja mmoja. "Ameelewa?"

Nikasema, "Ameelewa."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nawaza nini. Ningependa kukuambia kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba Kiingereza cha daktari kilinipita. Hapana. Niliyasikia maneno yote, na nilipofungua mdomo yalikuwa yote yapo, yamepangana. Nikachagua mengine. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati.

Jumamosi sauti ilikuwa imerudi kidogo. Ilikuwa na kivuli, na Dawie akasema ndiyo nzuri zaidi. Tukarekodi sita siku hiyo. Jumapili tukaendelea. Wimbo wa tisa ulikuwa na mahali pa juu sana, na alipofika hapo sauti ikachanika. Themba akaacha besi.

"Tupumzike," Themba akasema. "Eish, bra, kaka yangu, huyu dada anaumwa."

Mama yako alinitazama mimi kwanza. Halafu akanywa maji, akaonyesha kwa kidole, turudie. Nami nikasema, "Mara moja tu." Hayo maneno yako kwenye rekodi, Rukia. Fundi hakuyakata. Ukiisikiliza kabla ya wimbo wa tisa kuanza, kuna mwanamume anasema "mara moja tu". Umeisikia tangu utotoni, ukawa unaiigiza ukicheza. Ni mimi, na ndicho nilichokuwa nakisema.

Akaimba. Alimaliza wimbo wote. Mpaka leo sijasikia mtu akiimba vile, na baada ya hapo hakuna tena. Zile mbili za mwisho hazikurekodiwa. Kwenye gari la Dawie, tukirudi La Rochelle, alitaka kuniambia jambo, ikatoka pumzi. Akajaribu tena. Pumzi. Akageuka akatazama nje mpaka nyumbani.

Tulirudi kliniki, na nilihakikisha siku hiyo ni daktari mwingine. Wiki sita zikapita, na nyingine sita. Kovu, wakasema. Nyuzi zimekakamaa. Watu tuliwaambia homa, na mimi ndiye niliyeanza kusema homa.

Mwaliko ulikuja, na nilikwenda. Unajua kwamba niliwahi kwenda Marekani, picha umeziona. Hukujua kwamba nilimwacha mama yako chumbani, hana sauti, na mtoto wa miaka mitano, nikaondoka na dada mmoja wa Cape Town kwenye nafasi yake. Aliniambia kwa kuandika niende. Niliishika ile karatasi kama hati ya mahakama.

Dada yule aliimba vizuri. Lakini siku ya kwanza tu, kwenye kiitikio, nilimsikia mama yako. Hapa, nyuma ya sikio la kushoto, mahali alipokuwa anasimama. Nikageuka jukwaani, nikapoteza upinde. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Baada ya shoo mzee mmoja, aliyeisikia rekodi, akaniuliza yule mwanamke yuko wapi. Nikamwambia anapumzika.

Tangu hapo haijaniacha. Nikipiga harusini, nikifundisha watoto Jumamosi, tukifika mahali pa sauti ya tatu naisikia, hata kama hakuna anayeimba. Bendi ilikufa taratibu. Themba alipata kazi ya mgodini. Dawie alizeeka, akaugua, na siku za mwisho aliniuliza, "Ile sauti ya mkeo, hivi ilikwendaje?" Nikamwambia homa. Alikufa akijua homa.

Kisha wewe, ukiwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa unaosha vyombo, mama yako uani anaanika nguo, mimi chumbani. Ukaanza kuimba ule wa tisa. Nilitoka mbio nikidhani mtu ameweka rekodi. Nikakuta mama yako amesimama mlangoni, shati langu mkononi linachuruzika maji sakafuni, na wewe umetupa mgongo, huna habari, unapanda kwenye ile sehemu ya juu, unapita, unashuka. Mama yako alitabasamu. Mimi nilirudi chumbani nikakaa chini.

Ulijiuliza kwa nini sikuja kwenye shoo zako za mwanzo. Ulimwambia mama yako kwamba baba hapendi msichana aimbe hadharani. Nilikuacha uamini hivyo, maana ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti na kuisikia sauti ile ikitoka kwako, na kuona watu wanavyoipenda. Najua watu wanaoipenda sauti wanavyokuwa. Nilikuwa mmoja wao. Nilimpenda mama yako, hilo nikuapie, lakini siku ile kliniki niliyekuwa namtazama hakuwa yeye. Nilikuwa naitazama Jumamosi.

Huko unakokwenda kuimba watakupenda sana. Watakuwa watu wema, kama Dawie alivyokuwa mwema, na watakuomba urudie mara moja tu. Mimi sina haki ya kukuwekea masharti. Nakuambia tu nilikuwa na uso gani nilipoomba: uso wa kawaida, wa mume, na nilikuwa nimemshikia kikombe cha maji.

Baada ya siku ile uliyorudi umekaukwa na sauti, nilishindwa kuendelea. Jumatatu hii, ulipokuwa kwenye mazoezi, nikamwambia mama yako. Alikuwa amekaa pale pale alipo sasa. Nikamwambia, Zaituni, daktari alisema wiki sita. Nikamweleza neno kwa neno, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kama nilivyotakiwa siku ile.

Hakushtuka. Aliendelea na sindano yake, alikuwa anashona kifungo cha koti lako. Kisha akaniambia, na ilibidi niiname nimsikie:

"Najua."

"Unajuaje? Nani alikuambia?"

"Wiki sita kwa Kiingereza nilikuwa naisema kila siku. Wateja wakiuliza mzigo mpya unakuja lini, nawaambia wiki sita. Daktari alisema wiki sita, na akasema kuimba, na akatikisa kichwa. Mimi si mjinga, baba Rukia. Nilikuwa nakusubiri wewe nisikie utasemaje."

Miaka kumi na saba, Rukia. Nilikuwa namficha mtu kitu alichokuwa nacho mkononi.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukusema kitu?"

"Wewe ulikuwa umeshasema."

Nilikaa. Akakata uzi kwa meno. Nikamuuliza jambo ambalo sikutaka kulijua: kama ningemwambia ukweli, Jumamosi ile angeimba?

Aliligeuza koti, akalitazama, akalikunja, akaliweka mezani.

"Pengine ningeimba," akasema. "Nilikuwa naitaka ile safari kuliko wewe. Lakini ningekuwa nimeimba mimi."

Kuanzia Jumatatu hiyo analala chumbani kwako. Umefurahi, umedhani ni kwa sababu unaondoka, mnalala mmekumbatiana. Ni kwa sababu hiyo pia. Kesho utaondoka, kitanda chako kitakuwa kitupu, na sijui atalala wapi. Sijamuuliza. Nimejifunza, nimechelewa, kusubiri anijibu mwenyewe.

Nilimwambia nataka kukuandikia. Akasema niandike, na niandike yote, nisijipake mafuta. Kisha akaongeza, "Usimwombe msamaha mtoto. Si wake." Kwa hiyo sikuombi. Ukinikasirikia, kasirika huko huko mpaka iishe, usiharakishe kwa ajili ya uzee wangu. Na usirudi nyumbani kuja kutupatanisha. Sisi ni watu wazima, haya ni yetu.

Kesho uwanjani nitakuwa nimeshika begi lako na nitaongea mambo ya mizani na foleni, maana ndivyo nilivyo. Barua hii itakuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ukiisoma utakuwa umeshaipita bahari.

Nasikia geti. Umerudi, unacheka na mtu barabarani, unamwambia sharp, sharp, tutaonana. Mama yako amefuta mikono, ametoka kukupokea. Mnasimama pale mlangoni, umemwinamia, na anakuambia kitu kirefu. Kutoka hapa nilipo sauti yake hainifikii.

Baba yako.